Presha Tusiyoiulizia

Tunapotaja presha, msomaji wetu hukumbuka mara moja ukanda unaofungwa mkononi na nasaha za daktari kuhusu chumvi. Lakini ipo presha nyingine ambayo sisi waganga hatuiulizii, ingawa majeruhi wake huletwa kwetu: presha ya boila.

Dindira, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ni nchi ya chai. Jani likishachumwa hunyaushwa, husagwa, huachwa lichachuke, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Na katika viwanda vingi vya chai vya Afrika Mashariki joto hilo hutokana na boila ya kuni. Mlinzi wa boila haoni kilichomo ndani. Hutegemea vipimo, vikiwemo kipimajoto na geji ya mgandamizo.

Vipimo hivyo vinatuhusu madaktari. Mvuke uliobanwa kwa mgandamizo wa bar 7 kupita ule wa hewa hufikia nyuzi joto 170 hivi. Hata mvuke wa nyuzi 100 tu, unapogeuka maji juu ya ngozi na kupoa hadi joto la mwili, hutoa joto zaidi ya mara tisa ya lile litolewalo na maji yachemkayo ya uzito huohuo. Ndiyo maana kidonda cha mvuke huwa kirefu kuliko kinavyoonekana siku ya kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu kijana mtunza boila kutoka kiwanda kimoja. Alinieleza kwamba mshale wa geji yao ulikuwa umekwama. Ulisimama palepale, boila ikiwa ya moto au imepoa, na wote walikwisha kuzoea. Aliondoka wodini akiwa hai, lakini vidole vyake havikukunjika tena.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka masharti kuhusu boila, na OSHA ndio wakaguzi. Wapo watakaosema kwamba hayo yanatosha. Sikubaliani nao. Mkaguzi huja na kuondoka, ilhali geji husomwa kila siku. Geji inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa geji, kwa kuwa humwondolea mtu hofu inayomfaa.

Tiba yake si ghali. Boila ikiwa imepoa na haina mvuke, mshale sharti urudi sifuri. Usiporudi, moto usiwashwe. Jambo hilo liandikwe daftarini, na tarehe ya mwisho ya kuhakiki geji ibandikwe kando yake kwa Kiswahili.

Nasi tunao wajibu. Tumezoea kumuuliza mgonjwa presha yake ilipimwa lini. Aliyeunguzwa na mvuke kazini tumuulize pia geji ilihakikiwa lini, na jibu lake tuliandike kwenye faili, ili wa pili asiletwe kwa sababu ileile.