Kazi ya Mungu haina makosa, ya mjenzi inayo

Katika makanisa mengi ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuanzia yale ya mawe yaliyo kando ya Jogoo Road hadi ya mabati yaliyobanana na vioski vya Kayole na Dandora, ibada ya Jumapili hutenga muda wa ushuhuda, yaani nafasi ambayo muumini hukabidhiwa maikrofoni akaeleza jinsi alivyojibiwa: kazi imepatikana, mtoto amepona, karo imelipwa. Utaratibu huu una faida yake, kwa kuwa humfundisha mtu kuhesabu neema kabla ya kuhesabu madeni. Hata hivyo, aombaye jambo lile lile mwaka wa tatu bila jibu hana zamu kwenye maikrofoni hiyo, na taratibu huanza kuonekana, hata machoni pake mwenyewe, kuwa mtu wa imani haba.

Ugumu wa kupima imani kwa majibu ulidhihirika katika mtaa wa Huruma usiku wa 29 Aprili 2016, jengo la nyumba za kupanga lililokuwa karibu na mto lilipoporomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Mnamo 3 Mei, baada ya takribani saa 80, waokoaji walimtoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai, ambaye Msalaba Mwekundu ulieleza kwamba alikutwa ndani ya ndoo, amefunikwa blanketi, na wengi nchini wakamshukuru Mungu kwa muujiza huo. Baba yake alimtambua. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokufa. Katika nyumba hiyo moja mtu aliyepaswa kushukuru ndiye aliyepaswa kulia, wala hakuna mwenye busara anayeweza kusema kwamba imani ya mwanamume huyo ilimtosha mtoto ikampungukia mke.

Dini zote mbili kuu za mitaa hii, Ukristo na Uislamu, zina nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya zaburi zote 150 za Biblia ni maombolezo, yaani sala za mtu anayemlalamikia Mungu bila kumwacha. Na katika kisa cha Ayubu waliokemewa mwishoni ni marafiki waliojifanya kujua sababu ya mateso yake, wala si Ayubu aliyelalamika. Sura ya Yusuf, inayojulikana vyema katika misikiti ya Pumwani, inamweleza Nabii Yaqub aliyelia hadi macho yakapofuka, ilhali bado anahesabiwa kuwa kielelezo cha subira njema. Kwa mafundisho haya shukrani haifanani na ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha kwamba kilichotumwa kimefika. Ni kukiri kwamba uhai wenyewe ni wa kupewa, na kukiri huko kunaweza kukaa pamoja na machozi. Kwa hiyo kiongozi wa ibada anayewaita mbele waliojibiwa angefanya vyema kuwaita pia wanaongoja, wasimame bila kudaiwa maelezo.

Kuna kauli ambayo haikosekani matangani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ikisemwa kwa upole humfariji mfiwa, kwa maana inamwambia kwamba hajaachwa peke yake. Ikisemwa kwa haraka, huwa kifuniko. Jengo la Huruma lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa, na bado wapangaji waliendelea kukaa humo na kodi ikaendelea kulipwa, hadi mvua ilipofika. Hakuna sehemu ya mlolongo huo inayoweza kuitwa kazi ya Mungu. Wanazuoni wa Kiislamu huita kumtegemea Mungu tawakuli, na huifafanua kwa hadithi mashuhuri ya Mtume aliyemwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Maana yake ni kwamba tumaini halimwondolei mwanadamu wajibu wake, na anayemtwika Mungu uzembe wa mjenzi au wa mkaguzi anamsingizia.

Majirani wa Eastlands wameendelea kuzikana, kuchangiana na kuombeana, na katika hayo wana imani ya kutosha. Kinachobaki ni kuiruhusu imani hiyo iseme yote iliyo nayo. Mfiwa anayeshukuru kwa uhai uliosalia, akaulilia uliopotea, kisha akauliza ni nani aliyeliacha jengo lile likae na watu, hajapungukiwa na imani katika lolote kati ya hayo matatu.