Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vietnam kwa Baiskeli



Zipo siku hizi safari za likizo ambazo kundi la watu, wakiongozwa na mwenyeji, huipita Vietnam kwa baiskeli kwa muda wa wiki moja au mbili. Gari huwafuata nyuma likibeba mizigo na waliochoka, nao hupita katikati ya mashamba ya mpunga, masoko na mahekalu. Je, ni haki mtu kustarehe katika nchi iliyomwaga damu nyingi kiasi kile? Sisi tunaona kuwa ni haki, tena ni jambo jema, kwa sharti moja: msafiri akubali kusimama pale panapouma.

Kwanza, tuitazame baiskeli yenyewe. Mwaka 1954, katika mapigano ya Dien Bien Phu dhidi ya Wafaransa, maelfu ya wachukuzi wa Kivietnam walisukuma baiskeli zilizoimarishwa kwa mianzi, moja ikibeba zaidi ya kilo 200 za mchele na risasi, milimani na msituni. Chombo anachokipanda mgeni leo kwa burudani, wenyeji walikisukuma kwa miguu ili wapate uhuru. Anayelijua hilo hawezi kukanyaga pedali kwa majivuno.

Pili, tuutazame mwendo. Kati ya mji wa Hue, uliokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyen tangu 1802 hadi 1945, na mji wa Da Nang, iko njia ya mlimani iitwayo Hai Van, yenye urefu wa kilomita 20 hivi, inayopanda karibu mita 500 juu ya bahari. Tangu handaki la barabara lilipofunguliwa mwaka 2005, wenye magari hupita chini ya mlima kwa dakika chache. Mwenye baiskeli hupanda kwa jasho, bahari ikiwa upande mmoja na mawingu juu yake. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza kwamba mwenda pole ndiye aonaye. Tena, kundi halijafika kileleni mpaka wa mwisho wao amefika.

Tatu, tuyatazame mahali penyewe. Kaskazini ya Hue uko mto Ben Hai, ambao mapatano ya Geneva ya 1954 yaliufanya mpaka wa kuigawa nchi. Karibu nao, wanakijiji wa Vinh Moc walichimba mahandaki wakaishi humo wakiyakimbia mabomu, na watoto 17 walizaliwa chini ya ardhi. Katika jimbo hilohilo la Quang Tri iko La Vang, ambako Wakatoliki wamemwomba Mama Maria tangu mateso ya mwaka 1798. Kanisa lao lilibomolewa vitani mwaka 1972, ukabaki mnara wa kengele. Kusini zaidi, katika kijiji cha Son My, yameandikwa majina 504 ya waliouawa na askari wa Marekani tarehe 16 Machi 1968, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Siku hiyohiyo rubani Mmarekani, Hugh Thompson, alitua helikopta yake kati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaokoa baadhi yao. Mgeni asimamaye pale hujifunza ukatili wa binadamu, na hujifunza pia kwamba mtu mmoja anaweza kuukataa.

Wapo wasemao kwamba likizo ni ya kupumzika wala si ya kuomboleza. Twawaelewa. Lakini kula mezani pa mwenyeji huku tukigeuza uso tusilione kaburi la mwanawe si mapumziko, ni utovu wa adabu. Wengine hukosea upande wa pili: huitafuta Vietnam ya vita tu. Hao nao wakumbuke bandari ya kale ya Hoi An, walikokutana wafanyabiashara wa China na Japani, na mahekalu ya matofali ya Wachamu huko My Son, mahali palipoanza kuwa patakatifu tangu karne ya 4. Mwenyeji anayejulikana kwa jeraha lake tu, bado hajajulikana.

Basi, anayekusudia safari ya namna hiyo aulize kabla ya kulipa. Je, Son My imetengewa nusu siku, au dakika kumi za kupiga picha? Je, mwongozaji anaruhusiwa kusimulia habari za watu wake mwenyewe, au amepewa maneno ya kukariri? Je, chakula kitaliwa kwa wanakijiji ili fedha ibaki kwao? Akijibiwa vema, aende kwa moyo mkunjufu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa mgeni apitaye mbio.