Hati Ni Safi, Je, Dari?

Dalali wa Goba humwonesha mnunuzi hati, mipaka, kisima na njia ya gari, dari huachwa. Katika nyumba kongwe, bodi zake huenda zina asbesto, nyuzi za madini zisizoshika moto. Zikiwa nzima hatari yake ni ndogo. Zikikatwa au kubomolewa, vumbi lake huweza kuleta saratani ya mapafu miongo kadhaa baadaye. Macho hayaitambui; maabara ndiyo huamua. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Afrika Kusini 2008.

Anayelivuta vumbi hilo kwanza si mnunuzi, bali kibarua wa kutwa asiye na barakoa. Muuzaji alazimishwe kupima na kueleza kilichomo darini. Nyumba ya bei nafuu isilipiwe kwa mapafu ya mwingine.