Treni ya umeme Tabora: Je, itakuwa ya abiria tu?

Treni ya umeme ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Agosti mwaka huo huduma ikazinduliwa rasmi hadi Dodoma. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Mjadala umetawaliwa na nauli na mwendo kasi. Suala la mzigo wa mwananchi wa kawaida limesahaulika.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilifuata njia ya misafara, ambayo hapo ndipo ilipogawanyika kuelekea Ujiji na Karagwe. Haikupita muda mrefu ikabeba meli nzima! Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilifunguliwa vipande vipande, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000 na kupelekwa Kigoma kwa reli. Iliundwa upya, ikashushwa ziwani Februari 1915. Ndiyo MV Liemba.

Huko Marekani, treni na tramu za umeme za awali katika miji kama Chicago na Baltimore zilikuwa na mabehewa maalumu ya kusafirishia maiti na waombolezaji hadi makaburini.

Kwa mkulima wa Goweko au mrina asali wa Urambo, treni ya kasi isiyosimama kwake ni upepo tu. Shirika la Reli litenge behewa la mizigo midogo, na reli ya zamani iendelee kuhudumia vituo vidogo.