Konyezo, Si Tukio

Kamusi yoyote itakuambia kwamba "event" ni tukio. Tafsiri hiyo haina lawama magazetini wala katika vitabu vya historia. Ndani ya mikrokontrola, hata hivyo, inapotosha, nami naona tuiache.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyokusanywa katika chipu moja ndogo: mna kichakataji, kumbukumbu, na viungo vyenye kazi maalumu, kama vile kipima muda na kigeuzi kinachogeuza volti kuwa tarakimu. Mlafi wa umeme humo ni kichakataji. Kikiwa macho hula miliampia kadhaa. Chipu nzima ikilala hula mikroampia chache tu. Betri ya CR2032, ile bapa mfano wa sarafu, hubeba takriban miliampia-saa 220. Mlafi anayekula miliampia 4 bila kulala ataimaliza kabla ya siku tatu kutimia.

Ndipo wahandisi wakaona afadhali viungo viambiane vyenyewe, mkubwa wa nyumba aachwe alale. Katika chipu za nRF52 za kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norwe, kipima muda kikitimiza hesabu yake hutoa ishara fupi mno. Ishara hupita katika njia iliyopangwa mapema, ikafika kwa kigeuzi, nacho kikapima. Kichakataji hakina habari. Kitaamshwa baadaye, vipimo vikiwa vimekwisha kurundikana kumbukumbuni.

Ishara hiyo haisimulii chochote. Ni ukope ulioshuka mara moja, na aliyekusudiwa akaelewa. Kiswahili kina kitenzi chake tangu zamani: kukonyeza. Tazameni sarufi inavyotusaidia hapa. Tukio hutukia tu. Kitenzi chake hakidai mtendwa. Konyezo halikamiliki bila mkonyezaji na mkonyezwa, na ndivyo ulivyo waya ule, wenye ncha mbili. Viungo hukonyezana, kimoja hukonyezwa na kingine. Mnyambuliko wote tunao bila ya kukopa hata silabi.

Si suala la madoido. Mwanafunzi aliyefundishwa "tukio" hulichanganya kwa urahisi na kikatizo, yaani ile ishara inayokigutusha kichakataji kutoka usingizini. Huandika programu inayokiamsha kwa kila kipimo, kisha akashangaa betri aliyoikusudia idumu miaka ikifa mapema. Konyezo na kikatizo hayawezi kuchanganywa na mtu ajuaye Kiswahili: la kwanza hufanywa kimya, la pili humkata mtu kauli.

Najua watakaocheka, kwa kuwa kukonyeza kuna harufu ya mahaba. Na wacheke. Atmel iliuita uwezo wa namna hii SleepWalking, kutembea usingizini. Energy Micro ikaazima Reflex kutoka mwilini, ule mshtuko wa goti lililogongwa. Hakuna mhandisi aliyeona haya. Sisi wenyewe twashika kipanya kila siku wala hatukimbii paka.

Linalonikera bado ni ncha ya pili ya njia, ile inayopokea, ambayo Nordic huiita "task". "Kazi" ni pana mno, na "amali" imeelemewa na dini. Katika madondoo yangu nimeandika "tendo", lakini halijanikaa vizuri ulimini. Mwenye neno bora na alilete.