Kudura Isisingiziwe

Pampu ya kisima ikivunjika, watu husema siku yake imefika. Mtoto akifa kwa malaria, husema vivyo hivyo. Msomaji, nakusihi uikatae kauli hiyo. Ina sura ya unyenyekevu, lakini mara nyingi ni joho la uzembe.

Twende kisimani. Tuseme pampu ya mkono hapa Katito ina sehemu 10, na zote sharti zifanye kazi ndipo maji yatoke. Tuseme kila sehemu ina nafasi 95 katika 100 ya kumaliza mwaka ikiwa nzima, na ubovu wa moja hautegemei wa nyingine. Zidisha 0.95 kwa yenyewe hata itimie mara 10. Utapata karibu 0.60. Kila sehemu ni imara, lakini katika pampu 5 za namna hiyo, 2 hivi zitaharibika kabla ya mwaka kwisha. Sasa weka pampu ya pili kando yake. Nafasi ya zote mbili kuharibika ni 0.40 mara 0.40, yaani 0.16, basi nafasi ya kubaki na moja nzima, au zote, yapanda hadi 84 katika 100. Mwili nao una figo mbili: moja ikishindwa, nyingine huweza kubeba kazi.

Wapinzani hudai kwamba hesabu haiwezi kumtaja atakayekufa kesho. Kweli, haiwezi. Haimjui mmoja, lakini yawajua wengi. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, huko Asembo na Gem, katika miaka ya 1990 vijiji viligawanywa kwa kura: vingine vikapewa vyandarua vyenye dawa mapema, vingine baadaye. Hakuna aliyejua ni mtoto yupi angeokoka. Lakini vifo vilipohesabiwa, vilikuwa vichache zaidi penye vyandarua. Ikiwa siku ya kila mtoto haisogei, chandarua kiliisogezaje?

Basi kamati ya kisima isiyoandika tarehe za ubovu wala kuweka vipuri isiseme imepatwa na kudura. Imechagua, na atakayelipa ni msichana atakayebeba ndoo hadi mtoni na kukosa somo la asubuhi. Wahenga walituachia neno: tahadhari kabla ya athari. Sisi tuliokwenda shule tumepewa na kalamu ya kuipima tahadhari hiyo. Tusipoitumia, tumesomea nini?