Chunusi, Dawa na Kitenzi "Kusababisha"

Yamkini hakuna kitenzi kinachotumiwa ovyo katika magazeti na madarasa yetu kama "kusababisha". Mwanafunzi husoma kwamba dawa fulani imehusishwa na maradhi fulani, naye akimsimulia mwenzake husema kwamba dawa hiyo huleta maradhi hayo. Wapo watakaodai kuwa hiyo ni mizaha ya wanaisimu. La hasha! Hebu tuzitazame dawa za chunusi.

Minosaiklini, dawa ya jamii ya tetrasaiklini, imetumiwa kutibu chunusi tangu miaka ya 1970. Katika miaka ya 1990 madaktari walitoa taarifa nyingi za vijana walioimeza, kisha wakapatwa na homa, uchovu na maumivu ya viungo, na baadhi yao wakaathirika ini. Damu yao ilipopimwa, ilibainika kuwa kinga ya mwili ilikuwa ikiushambulia mwili wenyewe, mfano wa ugonjwa uitwao lupasi. (Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni mbwa mwitu.) Mwaka wa 1999 utafiti uliotegemea kumbukumbu za madaktari wa Uingereza ulikadiria kwamba waliokuwa wakitumia minosaiklini walikabiliwa na hatari ya hali hiyo mara 8.5 kuliko wasioitumia. Takwimu hiyo isisomwe kwa pupa, kwani mara nane ya kitu kidogo mno bado ni kitu kidogo. Hali yenyewe ni nadra, aghalabu huzuka baada ya dawa kutumiwa kwa muda mrefu, na mara nyingi hutulia dawa ikiachwa. Kuna hata wagonjwa walioirudia dawa na dalili zikarudi. Hapa basi, kitenzi "kusababisha" kimestahili mahali pake.

Aisotretinoini ni kisa kingine. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1982, na baadaye watu wengi walishtaki wakidai kwamba iliwaletea uvimbe sugu wa matumbo. Baadhi yao walishinda mahakamani. Hata hivyo, tafiti kubwa zilizofuata hazikuthibitisha uhusiano huo. Hukumu ya mahakama si ushahidi wa maabara. Ajabu ni kwamba madhara ya dawa hii yasiyo na shaka hata kidogo, yaani kumlemaza mtoto aliye tumboni mwa mama, hayazungumzwi nusu ya yale yanayobishaniwa.

Haya yanamhusu mwalimu moja kwa moja, hasa wa shule ya bweni. Msichana anayelalamika kila asubuhi kwamba vidole na magoti yanamuuma huambiwa ni baridi, au ni uvivu wa kukwepa michezo. Akiulizwa anatumia dawa gani, atajibu kwamba hatumii yoyote. Hasemi uongo. Kwake yeye, dawa ni kitu cha mgonjwa, ilhali tembe za chunusi ni mambo ya urembo, pengine zilinunuliwa dukani bila cheti cha daktari na kufichwa sandukuni. Swali ndilo lenye kasoro. Mwalimu na aulize hivi: "Mwanangu, ni kitu gani unachomeza au kupaka usoni, na tangu lini?" Kisha ampeleke kwa daktari, pakiti ikiwa mkononi.